Nani Atamsemea Podo

Jefwa Gona ameandika majina ya watu wengi kwenye milango yao, lakini yeye mwenyewe hana kibao. Ukimtafuta, uliza karibu na kinu cha kusaga mahindi pale mtaa wa Kisumu Ndogo, hapa Malindi, utaonyeshwa banda la mabati lenye milango ya watu wengine imeegemezwa nje, ikikauka. Ndiye aliyeandika "Nyumba Hii Haiuzwi" kwenye kuta nyingi za Malindi. Ndiye pia aliyechora ramani ya Afrika kwenye ukuta wa shule ninayofundisha, akasahau kisiwa cha Madagaska. Nilipomwambia, aliomba radhi kana kwamba amemkanyaga mtu, akaja kesho yake na kopo la rangi, akakichora kisiwa karibu mno na Lamu. Hatukumwambia tena. Watoto wetu wa darasa la nne wanaamini mtu aweza kwenda Madagaska kwa kuogelea.

Ana miaka hamsini na moja, ni mrefu, na ni mpole kupita kiasi. Upole huo ndio uliokaribia kumponza mwaka huu.

Kwa miaka kumi na moja Jefwa amekuwa akimchora mwanamke mmoja. Anaitwa Podo, kwa ajili ya lile podo la mishale analolibeba mgongoni. Anavaa hando, ile sketi nyeupe ya marinda ya bibi zetu wa Kigiriama, ila ameifupisha ili aweze kukimbia juu ya mapaa. Ni shujaa wa vitabu vya katuni, wa aina ile isiyochoka wala kuumwa na jino. Lakini nguvu zake hasa si kuruka wala kulenga. Mshale wake unasikia. Podo huusogeza mdomoni, huunong'oneza, nao hufanya lile uliloambiwa bila kuzidisha. Ukiambiwa upige mlango, hata mwizi akisimama mbele ya mlango, utamzunguka.

Shida ni kwamba Jefwa hakujua Podo anauambia nini mshale. Kuchora anachora: ukiutazama mkono wa Podo kwenye upinde, utahisi bega lako mwenyewe likivutika. Ila akifika kwenye kiputo, lile duara linalotoka mdomoni mwa mchorwa ili maneno yapate pa kukaa, mkono wake husimama. Ana mamia ya kurasa, zote zimechorwa nyuma ya kalenda kuukuu, na katika zote Podo amefungua mdomo na kiputo ni kitupu. Nilizipitia jioni moja nyumbani kwao, nikasikia huzuni ambayo sikuitarajia kwenye katuni. Nawajua watu wazima wengi walioishi hivyo.

Mkewe, Nyevu, yeye alikwisha kuizoea hali hiyo.

"Mke mwenzangu ameamkaje?" humuuliza kila asubuhi akimkuta kwenye karatasi zake.

"Salama."

"Amesema lolote?"

"Bado."

"Basi nampenda. Wake wenza wote wangekuwa kama huyu, nani angegombana?"

Mwezi wa Mei alipita mwanamke mmoja kutoka Mombasa, Sumeiya, mhariri wa nyumba ndogo ya vitabu. Alimwona Podo amechorwa ubavuni mwa kinu cha mahindi, akauliza ni kazi ya nani. Akapelekwa kwenye banda, akaonyeshwa kalenda, akakaa saa mbili. Alipoondoka aliacha barua. Nyumba yake ingetoa kitabu cha kwanza cha Podo, na vingine vikifuata, iwapo Jefwa angepata mwandishi wa kushirikiana naye na kuleta kurasa kumi na mbili zenye maneno kabla ya mwisho wa Juni. Asipopata, wao wenyewe wangemtafutia mwandishi. Walikuwa na mmoja tayari, huko Nairobi.

Jefwa aliisoma barua ile mara nyingi, na kila mara macho yalisimama hapo. Si kwamba ana chuki na Nairobi. Ni kwamba angeamka siku moja akute Podo anasema maneno ya mtu asiyewahi kumwona.

Habari zilifika Shela, mtaa wa kale wa hapa hapa Malindi, kabla ya sala ya alasiri. Maalim Saad, aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na minane, na ambaye hakuna harusi kubwa ya mji wetu inayopita bila shairi lake, alikuja kwenye banda kwa tuktuk, kanzu yake nyeupe, akakataa kiti chenye rangi mbichi.

"Nasikia una binti hapa haneni," alisema.

"Ni kweli, Maalim."

"Basi nitamnenea mimi."

Sasa, huku kwetu mtu wa miaka hamsini na moja aliyelelewa vizuri hamwambii mzee wa sabini na minne "hapana." Husema tutaona. Husema Mungu akijalia. Maneno hayo msikilizaji akitaka huyachukua kuwa ndiyo, na Maalim alitaka.

"Mungu akijalia, Maalim," alisema Jefwa.

"Amekwisha kujalia," alisema Maalim, akapanda tuktuk.

Siku ya pili alikuja Oliver Ndirangu, kijana anayetengeneza simu karibu na soko, mzaliwa wa hapa hapa, wazazi wake watu wa bara. Oliver ametazama filamu zote za mashujaa, nyingine kwenye simu za wateja.

"Mzee, hii kazi ni yangu," alisema. "Nilizaliwa kwa ajili yake."

"Vizuri. Tutaona," alisema Jefwa.

Oliver akamkumbatia.

Usiku ule Nyevu aliweka chini sahani ya wali akamtazama mumewe. "Umewakubali wote wawili?"

"Sijamkubali hata mmoja."

"Wenyewe wanajua hivyo?"

Jefwa akala.

"Baba Mangi, siku ya posa ulimjibu babangu vivi hivi. Alikuuliza kama kwenu kuna ng'ombe, ukamwambia tutaona."

"Na tukaona."

"Tuliona nini? Mbuzi wanne, na mmoja kiwete!"

Kwa kuwa hakuweza kuchagua, Jefwa aliwapa wote ukurasa mmoja, kila mtu nakala yake. Ulikuwa na visanduku vitano. Tingatinga limekuja kuvunja nyumba ya bibi mmoja. Dereva yuko juu, ameshika usukani. Podo amesimama juu ya tangi la maji, mshale uko mdomoni. Kazi yao ilikuwa kujaza viputo tu.

Maalim aliurudisha baada ya siku tatu, kwa ule mwandiko wake mzuri wa kalamu ya wino. Kiputo cha mshale peke yake kilikuwa na beti nne, mishororo kumi na sita. Jefwa alifuta mbingu ili maneno yaenee. Hayakuenea, akafuta tangi. Kisha akafuta miguu ya Podo. Mwishoni pembeni mwa ukurasa palibaki kipande cha upinde na kidole gumba.

"Naona picha zako umezibana," Maalim alisema, akiutazama.

"Nitampunguza, Maalim."

Kufikia Alhamisi Podo alikuwa saizi ya sisimizi.

"Sasa maneno yanapumua," alisema Maalim.

Na ni haki niseme kwamba beti zile zilikuwa nzuri. Nilizisoma nikiwa nimesimama na nikajikuta nimekaa. Ila kabla Podo hajafika ubeti wa pili, tingatinga lingekuwa limeshavunja nyumba na dereva amekwenda kula.

Oliver yeye alimaliza kwa dakika ishirini, akasimama mlangoni kungojea sifa. Kwenye kiputo cha kwanza aliandika FYUUU. Cha pili, TWAA. Cha tatu, KABUUUM. Na juu ya paa aliongeza helikopta na ndimi za moto kwa peni.

"Helikopta imetoka wapi?" Jefwa aliuliza.

"Mzee, helikopta haitoki mahali. Inakuja tu."

"Na mshale ameuambia nini?"

"Hana wakati wa kuongea. Huyu ni shujaa, si mwenyekiti wa chama."

"Na bibi je? Moto wote huu hautamuunguza?"

Oliver akainamia karatasi. "Bibi gani?"

Bibi alikuwa mlangoni mwa nyumba, amechorwa tangu mwanzo, na kikapu mkononi.

Zilibaki siku kumi. Jefwa alikonda. Kila Maalim akikutana na mtu msikitini alimwambia anaandika kitabu, na kila simu iliyotengenezwa kwa Oliver ilirudi kwa mwenyewe pamoja na habari za Podo. Jefwa alikuwa akizunguka nyuma ya soko ili asipite kwa mmoja wala mwingine. Wakati huo huo Sumeiya alimtumia fomu ya kujaza na kuambatanisha na hati ya kiapo, kuthibitisha kwamba Podo ni kazi ya mikono yake. Hakuthubutu kuipiga chapa Malindi, kwa sababu kila mpiga chapa wa Malindi ama alifundishwa na Maalim ama simu yake iko kwa Oliver. Akaenda Kilifi.

Nje ya ofisi za serikali, ng'ambo ya barabara, kuna vibanda vya mbao vya wapiga chapa. Alielekezwa kwa Kabibi, mwanamke wa miaka thelathini na nane, mwenye kompyuta moja, printa moja, na benchi la wateja ambalo halikosi mtu. Wengi wanaokaa pale wana mashauri ya mashamba. Kabibi hufanya kazi kwa njia yake. Hukunja mikono, akamwacha mtu aseme mpaka achoke. Hamkatizi, hapigi hata herufi moja. Mtu akinyamaza, humuuliza swali moja tu: "Na unataka wafanye nini?" Kisha ndipo huandika, kwa sababu fomu za serikali zina visanduku vidogo, na maisha ya mtu yote sharti yaingie humo.

Fomu ya Sumeiya ilikuwa na sehemu isemayo: Eleza kazi yako kwa mistari miwili. Jefwa akaanza kueleza. Alieleza hando, alieleza mapaa, alieleza kalenda. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake alisogeza benchi ili asikie vizuri. Jefwa alipochoka, Kabibi aliuliza swali lake.

"Nataka wasinichukulie," Jefwa alisema.

Kabibi akaandika: Nimemchora Podo kwa miaka kumi na moja. Mshale wake hufanya anachoambiwa. Ni wangu.

Jefwa alisoma mara mbili. "Hilo la mwisho sikulisema."

"Umelisema nusu saa nzima, kaka."

Ndipo alipotoa ule ukurasa wa tingatinga, safi, usio na maneno, autie kwenye bahasha ya viambatanisho. Kabibi akaushika, akautazama muda.

"Huyu dereva ni nani yake?"

"Nani yake nani?"

"Huyu dada mwenye upinde. Dereva ni nani yake?"

"Ni adui."

Kabibi akacheka, na yule mzee kwenye benchi akacheka pia, huku akishika mbavu.

"Kaka, miaka kumi na mitano napiga chapa mashauri ya mashamba," alisema Kabibi. "Sijaandika hata moja ambalo upande wa pili ni mgeni. Ni ami, ni shemeji, ni mtoto wa mama mdogo. Siulizi tena kama ni jamaa. Nauliza tu ni wa upande gani."

"Wangu ni mjomba," alisema mzee.

"Umeona?"

Jefwa akamtazama dereva wake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Basi awe mjomba wake."

"Akiwa mjomba, hawezi kumpiga kabla ya kumwamkia. Hebu niazime penseli."

Akaandika kwenye kiputo cha kwanza: Mjomba, shikamoo. Kwa dereva akaandika: Nini? Sisikii! Kisha kwa Podo, kwa herufi kubwa: SHIKAMOO, MJOMBA!

"Sasa hapa," akasema, akigonga kisanduku cha nne, "hii picha hii ibadilishe. Chora mkono kwenye ufunguo."

"Anafanya nini?"

"Anazima mashine. Mtu mzima akiamkiwa ataondokaje na shikamoo ya mtoto wa dadake? Lazima aitikie. Na kwenye kelele ile hawezi kuitikia." Akaandika kwenye kiputo: Marahaba, mwanangu.

"Hakika," alisema mzee. "Hata mimi wangu huniitikia. Kisha ndiyo anaendelea kuniibia."

Kilibaki kiputo kimoja, kile kidogo kati ya mdomo wa Podo na ncha ya mshale. Kabibi alilitazama tangi, akamtazama dereva, akamtazama bibi mlangoni na kikapu chake. Akaandika: Ngoja.

Nyevu anasema alipigiwa simu mchana ule akadhani kuna msiba Kilifi, maana mumewe alikuwa kwenye laini lakini hatoi sauti.

"Baba Mangi? Kuna nini? Nani?"

"Amesema," alisema Jefwa.

"Nani amesema?"

"Mke mwenzako."

Jefwa alimwomba Kabibi pale pale awe mwandishi wa Podo. Kabibi akamwambia yeye si mwandishi, yeye huandika shida za watu. Jefwa akasema ndiyo hizo hizo. Kabibi akafikiri, kisha akauliza hadi siku ile nani alikuwa akiandika, na Jefwa, ambaye hajui kusema uongo bali anajua kuzunguka ukweli, alimweleza habari za Maalim Saad na Oliver Ndirangu.

"Kwa hiyo wao wanajua ni wao."

"Sikuwaambia ndiyo."

"Uliwaambia hapana?"

Jefwa akatazama kinanda cha kompyuta.

"Kaka, watu wanaokuja hapa wengi wao ugomvi ulianza hivi. Mtu aliambiwa tutaona kuhusu shamba, akajenga. Mimi sikai kwenye kiti ambacho mwenyewe hajaambiwa ainuke. Nenda kawaambie, kwa mdomo wako, si kwa simu. Sema hapana. Ni neno fupi, linaingia kwenye kiputo chochote."

Zilibaki siku tisa, na kurasa kumi na moja hazikuwa na neno.

Alianza na Oliver, kwa kuwa kwa mdogo si vigumu sana. Alimwambia akiwa amesimama, haraka, kama anayebandua plasta. Oliver akaomba auone huo ukurasa uliomshinda. Aliusoma, akaugeuza nyuma kuona kama kuna mwingine.

"Hapigi?"

"Bado."

"Mzee. Shujaa gani anarusha shikamoo?" Akausoma tena. Safari hii aliweka kidole juu ya ule mkono kwenye ufunguo. "Lakini sasa sijui mjomba atafanya nini. Atafanya nini?"

"Hata mimi sijui."

"Aisee, hiyo si haki," alisema Oliver, na akairudia simu aliyokuwa akiitengeneza, amenuna kidogo.

Kwa Maalim alikwenda alasiri. Alimkuta kwenye baraza ya nyumba yake Shela, peke yake, na birika la kahawa. Jefwa aliamkia, akauliza hali, akauliza goti, akauliza wajukuu mmoja mmoja, akarudi kwenye goti.

"Goti limekwisha kujibu," alisema Maalim. "Umekuja na neno. Lina heri?"

"Tu..." alianza Jefwa, akafunga mdomo. Kisha akaufungua tena. "Hapana, Maalim. Beti zako sitazitumia. Nimepata mwandishi mwingine. Ni mpiga chapa, Kilifi."

Maalim alisogeza birika kando. Aliitazama kahawa yake kwa muda ambao Jefwa anasema ulikuwa mrefu kuliko ile miaka kumi na moja. Mtu wa umri ule akinyamaza, ni vigumu kujua kama anatafuta jibu au anahesabu ni vitu gani tena vimeanza kumponyoka.

"Lete hicho kikaratasi," akasema hatimaye.

Akavaa miwani. Akasoma shikamoo ya kwanza, akasoma ya pili kwa sauti. Akafika kwenye kiputo kidogo.

"Neno moja."

"Moja, Maalim."

"Mimi nilikupa mishororo kumi na sita."

"Ilikuwa mizuri sana."

"Najua ilikuwa mizuri, sikukuuliza." Akavua miwani. "Na huyu bwana ameitikia?"

"Ameitikia."

"Hakuwa na la kufanya." Akamrudishia karatasi. "Mji huu wote, Jefwa, walioniambia hapana ni wawili. Marehemu mke wangu na wewe. Yeye alikuwa akiisema vizuri zaidi. Kunywa kahawa yako uende."

Alikunywa, akaenda. Hakuongezewa kikombe cha pili, na tangu siku hiyo Maalim hajapita kwenye banda. Jefwa akimwona mbali huvuka barabara kumwendea, si kumkwepa, na huitikiwa salamu, ila kwa mkato. Ananiambia linamuuma. Nadhani litamuuma muda mrefu, na nadhani ndivyo inavyostahili.

Alasiri ile ile, kabla hajatoka uchochoroni Shela, alimpigia Kabibi.

"Nimesema."

"Umesema nini hasa?"

"Nimesema hapana. Kwa mdomo."

"Umejisikiaje?"

"Vibaya."

"Haya," alisema Kabibi. "Kesho njoo na ukurasa wa pili. Uje mapema, benchi hujaa."

Alikwenda siku sita mfululizo. Kabibi hakumruka mtu hata mmoja kwa ajili ya Podo. Shamba la mtu, alisema, haliwezi kungoja katuni. Kurasa kumi na mbili zilifika kwa Sumeiya siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, majina mawili chini yake, na jibu lilikuja kesho yake kwamba wa Nairobi hahitajiki. Kitabu cha pili kimeshaanza.

Nilipita Kilifi wiki iliyopita kwa shughuli za shule, nikamwona Jefwa kwenye benchi, wa nne katika foleni, karatasi zake magotini, amebanwa kati ya watu wenye bahasha za hati miliki. Mama mmoja kando yake alikuwa akimuuliza shamba lake liko wapi na nani anayelitaka. Jefwa, akiwa hajui aanzie wapi, akamwonyesha picha.

"Huyu ni nani yako?" mama aliuliza.

Jefwa alifikiri kidogo, kisha akaanza kueleza.